Vumbi la klinka Chaani: malalamiko yangu nimpelekee nani?

MamaMahamri aliandika:

Salaam aleikum jamani, na habari za wengine wote. Naomba mawazo, na mwenye kuijua sheria asinifiche.

Nakaa Chaani, hapa Mombasa, nyumba ya marehemu baba. Vyumba sita vya kupangisha, na baraza ya mbele ndipo ninapouza mahamri asubuhi. Nyuma ya ukuta wetu kuna yadi. Zamani ilikuwa ya makontena matupu, na zile kelele za chuma kugonga chuma tulishazizoea. Mwaka jana wakaanza kuleta klinka, ile malighafi ya simiti inayoshushwa melini. Malori yanaimwaga pale chini, halafu inapakiwa tena kupelekwa bara. Paa hakuna. Turubai lipo, linafunika nusu ya lundo, na nusu hiyo ni ile inayoonekana kutoka barabarani.

Kaskazi ikivuma tunapumua, vumbi linawaendea wa upande wa pili. Kusi ikishika ni zamu yetu. Nguo nyeupe nimeacha kuanika nje. Vumbi linakaa juu ya mabati, usiku umande unalilowesha, asubuhi limeshikana kama plasta. Gata imeziba mara ngapi sijui, fundi akipanda anabandua vipande vigumu. Maji ya mvua ya tangi sasa ni ya kuoshea choo tu. Mahamri nayafunika tabaka mbili za kitambaa na bado mteja akiuma anaangalia kwanza. Mpangaji wa chumba cha nyuma ana mtoto mchanga anayekohoa, ameniambia mwisho wa mwezi anahama, na siwezi kumlaumu.

Usiku ndiyo balaa. Malori yanaingia baada ya isha mpaka karibu na alfajiri, na kila lori likirudi nyuma ule mlio wake tii-tii-tii unaingia mpaka ndani ya chandarua.

Nimekwenda getini nikaambiwa niandike barua kwa meneja. Nikaandika. Meneja akanitumia barakoa boksi moja na salamu. Ofisi ya kwanza ya serikali ikanituma ya pili, ya pili ikanituma ya tatu, ya tatu ikaniuliza kama nimepita ya kwanza.

Maswali yangu ni haya. Nani hasa mwenye mamlaka? Lazima nithibitishe kuwa mtu ameugua? Na kuna njia ya kuwabana bila yadi kufungwa? Mtoto wa dada yangu anapakia mizigo mle ndani, ndiye anayelisha nyumba yao. Mama ananiambia niache, nitamfukuzisha kijana kazi.

---

Shimanzi_Original aliandika:

Dadangu, pole, lakini tuseme ukweli. Bandari ya Kilindini ilikuwepo kabla ya nyumba nyingi za huko. Mtu anajenga karibu na bandari kwa sababu kazi ziko karibu na wapangaji hawakosekani, halafu anashangaa kukuta malori. Mkitaka hewa ya bahari tupu nendeni Kilifi. Hizi kelele za wakazi zikizidi mizigo itahamia Dar, hapo ndipo tutalia sote.

---

Winchi_Namba_Tatu aliandika:

Shimanzi, mizigo haihami kwa sababu ya turubai. Nimefanya kazi kwenye kreni za kushusha mizigo ya wingi miaka mingi, acha nimweleze mama vumbi linatoka wapi, kwa sababu akijua hilo atajua aombe nini.

Klinka yenyewe ni kokoto, nyingine ndogo kama karanga, nyingine kama limau. Tatizo ni unga unaokuja nayo. Ukishika kijiko cha kreni ukakifungulia juu sana, ule unga unapasuka hewani kabla haujafika chini. Ukishusha kijiko mpaka karibu na mdomo wa hopa, lile faneli kubwa la kupokelea mzigo, ndipo ukafungua, vumbi linapungua sana. Lakini kushusha kunakula sekunde, na dereva wa kreni anahesabiwa tani kwa zamu. Yadini ni vilevile: shavela, lile trekta lenye koleo mbele, likinyanyua na kumwaga kutoka juu ndani ya trela, pale ndipo wingu linapoanza.

Sasa sikiliza hili, mama, usije ukaenda mkutanoni ukaomba wamwagie maji. Klinka ikilowa inaanza kushika, mwenye mali hatakubali, na watakuona hujui unalosema. Maji ni ya njia za malori na sakafu ya yadi. Kwa klinka yenyewe kuna mambo mengine: banda lenye paa na kuta tatu, hopa yenye feni za kufyonza vumbi na chujio, kila trela lifunikwe *kabla* ya kutoka getini na si baada ya kona ya kwanza, magurudumu yaoshwe, na gari la kufagia lenye kufyonza badala ya vijana wenye mafagio wanaohamisha vumbi kutoka chini kwenda juu. Upepo ukizidi kiasi fulani, kazi ya kupakia isimame. Hayo yote yanafanyika kwenye bandari nyingi duniani, na hakuna bandari iliyofilisika kwa kujenga banda.

Kioo cha gari kikishikwa, sugua na siki na kitambaa laini. Rangi ya gari usiiguse na siki.

Na moshi mweusi wa meli, kama unauona, hiyo ni ofisi nyingine kabisa. Tangu 1 Januari 2020 mafuta ya meli hayatakiwi kuzidi salfa asilimia 0.50 dunia nzima, na anayesimamia upande wa meli ni Mamlaka ya Bahari ya Kenya. Usichanganye kwenye barua moja.

---

BwanaAfya_Mstaafu aliandika:

Bi Mahamri, nimekuwa bwana afya nikivaa kaki mpaka nikastaafu, na malalamiko kama yako nimeyapokea upande wa pili wa meza. Nitakwambia jinsi yanavyokufa, ili la kwako lisife.

Yanakufa kwa sababu mtu anakuja na neno "vumbi". Vumbi halina mwenyewe. Afisa anaandika kitabuni "mkazi analalamikia vumbi", siku moja anapita saa nne asubuhi, yadi imeshamwagiwa maji, lori moja limesimama, dereva anakunywa chai. Anaandika: "Hali ya kawaida." Faili imefungwa, na kisheria hajasema uongo.

Wewe una kitu kizito kuliko vumbi, na umekitaja kwa sentensi moja ukapita. Umesema yadi ilikuwa ya makontena matupu, mwaka jana ikawa ya klinka. Simama hapo hapo. Leseni ya tathmini ya athari kwa mazingira hutolewa kwa shughuli fulani. Kontena tupu na rundo la klinka lisilo na paa si shughuli moja. Sheria ya mazingira ya 1999, ile EMCA, kifungu cha 64, inaipa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, uwezo wa kuagiza tathmini mpya kama mradi umebadilika kwa kiasi kikubwa au unaendeshwa kwa namna nyingine. Na matumizi ya ardhi yenyewe yakibadilika, kuna kibali cha kaunti chini ya sheria ya mipango ya ardhi ya 2019. Kwa hiyo barua yako ya kwanza isiwe ya kulalamika. Iwe ya kuuliza: yadi iliyoko mahali fulani ina leseni ya kufanya nini, ilitolewa lini, kwa masharti gani, na ripoti ya ukaguzi ya mwaka inasema nini?

Hawawezi kukupuuza kirahisi. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inawapa siku 21 kujibu. Wasipojibu unakwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, wale wanaoitwa Ombudsman, na huko hulipi kitu. Mimi ningeanza hapo hata kama yadi ingekuwa inamwaga sumu, kwa sababu ukishashika masharti ya leseni mkononi, mazungumzo yanabadilika. Huombi tena huruma. Unasoma sharti la sita na kuuliza mbona paa halipo.

Swali lako la nani mwenye mamlaka: waliokuzungusha walikuwa na kisingizio kizuri, kwa sababu wenye mamlaka ni zaidi ya mmoja. NEMA ana leseni na masharti yake. Lakini watu wengi, hata maafisa wengine, wanasahau Jedwali la Nne la Katiba, sehemu ya pili: udhibiti wa uchafuzi wa hewa, wa kelele, na kero nyingine za umma ni kazi ya *kaunti*. Imeandikwa. Na afisa wa afya wa kaunti bado ana Sheria ya Afya ya Umma, sura ya 242, ambayo ni ya zamani lakini ina meno. Kifungu cha 119 kinamtaka, akiridhika kuwa kero ipo, ampe mhusika notisi ya kuiondoa kwa muda aliomwekea. Asipotii, ni mahakama ya hakimu. Notisi hizo nimeziandika mwenyewe. Wenye viwanda huzicheka mpaka siku ya kusimama kizimbani mbele ya watu wanaowajua.

Kwa hiyo barua ni moja, nakala mbili: NEMA wa Mombasa na idara ya mazingira na afya ya kaunti, na kila mmoja aone jina la mwenzake juu ya karatasi. Hapo hakuna wa kukutuma kwa mwingine. Kila nakala igongwe muhuri wa kupokelewa, wewe ubaki na yako.

Kuhusu kelele, kanuni za 2009 zinagawa mchana na usiku. Usiku unaanza saa mbili na dakika moja, unaisha saa kumi na mbili asubuhi. Mtaa wa makazi, nje ya nyumba, kiwango ni desibeli 50 mchana na 35 usiku. Hiyo 35 ni ndogo mno, ni mnong'ono. Lori linalorudi nyuma linaipita bila kujitahidi. Programu ya simu ya kupima kelele haitakubaliwa kama ushahidi, ila itakusaidia kujua saa mbaya ni zipi. Kisha unaandika: naomba kipimo kichukuliwe kwenye mpaka wa ploti yangu kati ya saa tano na saa nane usiku. Ukisema tu "njooni mpime", watakuja saa nne ile ile.

Chukua daftari la shule. Tarehe, saa, upepo (kusi au kaskazi, unatosha kuandika hivyo), kilichokuwa kikifanyika yadini, na kilichoonekana kwako. Usipambe. "Saa 11 jioni, kusi, shavela linapakia trela tatu, meza ya baraza imepata vumbi la kijivu ndani ya nusu saa." Ukurasa kama huo una thamani kuliko sahihi za mtaa mzima chini ya karatasi inayosema tunateseka. Wa upande wa pili wa yadi naye awe na daftari lake. Kama kwako vumbi ni la kusi na kwake ni la kaskazi, katikati yenu kuna kitu kimoja tu.

Mtoto anayekohoa apelekwe kliniki na iandikwe kwenye kitabu chake. Vumbi la klinka na simiti linawasha macho, ngozi na koo, hilo halina ubishi. Lakini usiandike wewe kuwa limemuua fulani. Ugonjwa mwachie daktari auandike. Na kwa kweli huhitaji. Kifungu cha 70 cha Katiba kinasema anayekwenda mahakamani kudai haki ya mazingira safi hana haja ya kuonyesha kuwa mtu amepata hasara au ameumia. Inatosha kwamba haki hiyo inavunjwa au iko hatarini.

Nimesema mahakama, sasa nikutajie Owino Uhuru, maana ni jirani zako tu, pale Mikindani. Kiwanda kilikuwa kikiyeyusha betri kuukuu za magari kupata madini ya risasi, na risasi ikaingia kwenye damu za watoto. Phyllis Omido, ambaye mwanawe mwenyewe aliathirika, alipiga kelele miaka. Kiwanda kilifungwa 2014. Kesi iliwekwa 2016. Julai 2020 mahakama ya mazingira na ardhi ya Mombasa ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaitengua 2023. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Hesabu mwenyewe mtoto aliyezaliwa kiwanda kinafungwa yuko darasa la ngapi.

Sikutishi. Nataka uone mambo mawili. La kwanza, mahakama ni njia ndefu, usiifanye ya kwanza. La pili ndilo ninalolipenda: katika kugawa lawama, mahakama ya 2020 haikumtwisha mwenye kiwanda peke yake. Fungu kubwa kabisa, asilimia 40, iliwabebesha NEMA, kwa sababu walikuwa na kazi ya kuzuia na hawakuzuia. Kila afisa wa mazingira nchini anaijua hukumu ile. Ndiyo maana nakusisitizia muhuri. Ofisi iliyopokea barua yako haiwezi kusema baadaye haikujua.

---

Shimanzi_Original aliandika:

Mzee umesema vizuri, lakini hujanijibu. Aliyetangulia ni nani? Mimi nikifungua karakana leo, kesho mtu ajenge kando yangu halafu anishtaki kwa kelele, haki iko wapi?

---

Wakili_Bila_Joho aliandika:

Hilo lina jibu la zamani sana. London, 1879, kesi ya Sturges na Bridgman. Mtengeneza peremende alikuwa akitwanga sukari kwa kinu na mchi zaidi ya miaka ishirini. Jirani yake daktari akajenga chumba cha kupokea wagonjwa nyuma ya nyumba, ukuta kwa ukuta, kisha akashtaki kwa ule mtwango. Daktari ndiye aliyekuja baadaye, na bado alishinda. Na hukumu hiyo si hadithi ya Wazungu tu kwetu: Sheria ya Mahakama, sura ya 8, inaingiza kanuni za sheria za Uingereza kama zilivyokuwa 12 Agosti 1897, kadiri hali ya hapa inavyoruhusu.

Lakini usikate tamaa, Shimanzi, nusu ya hoja yako imo humo humo. Majaji walisema kinachokuwa kero kwenye mtaa wa matajiri si lazima kiwe kero Bermondsey, ambako kulikuwa viwanda vya ngozi, kando ya gati za Thames. Maana yake Chaani haitapewa utulivu wa Nyali. Mlio wa makontena mchana, mama atavumilia. Vumbi la kuziba gata na malori ya saa tisa usiku ni jambo jingine.

Iliyo karibu zaidi na kesi ya mama ni ya 1961, Halsey dhidi ya Esso, mtaa wa Fulham. Ghala la mafuta lilikuwa likitoa masizi yenye asidi yaliyoharibu nguo kwenye kamba na rangi ya gari la jirani, na magari ya mafuta yakinguruma usiku. Jaji alikubali kabisa kuwa eneo ni la viwanda. Akatoa fidia, na akatoa amri ya kuzuia kelele za usiku. Ghala halikufungwa. Hii ya pili ni ya baada ya 1897, kwa hiyo haitufungi, inashawishi tu, lakini nimeiona ikikubalika vizuri.

Kwa hiyo swali lako la tatu, mama: ndiyo, amri inaweza kugusa saa na namna ya kazi bila kugusa kazi yenyewe. Andika hivyo hivyo kwenye barua. "Hatuombi yadi ifungwe. Tunaomba paa, turubai zima, na upakiaji usimame saa mbili usiku." Barua ya namna hiyo ni ngumu kuikataa, na mpwa wako hataonekana adui.

---

Mkurasini aliandika:

Kutoka Dar nawasalimu. Huku sheria ni nyingine, ya 2004, na wa kwenda kwake ni NEMC, baraza la taifa la mazingira, pamoja na afisa mazingira wa halmashauri, ila ugonjwa ni ule ule wa kurushwa kama mpira. Mimi naongeza moja tu: msiende mmoja mmoja. Sisi kila mtu alipokwenda na barua yake tulipewa majibu tofauti. Tulipokwenda na mwenyekiti wa serikali ya mtaa na muhtasari wa kikao, tulikalishwa.

---

MamaMahamri aliandika:

Mungu awabariki. Nimeongea na mama wa upande wa pili wa yadi, naye ana daftari tayari, kumbe alikuwa anaandika tarehe alizopeleka mtoto hospitali tangu Desemba. Kaskazi yote imo.

Mpwa wangu nimemsomea jibu la Winchi. Ameniambia wapakiaji wenyewe wanataka paa kuliko mimi, wanatema kijivu kila jioni, ila hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema. Na ameniambia hopa ya kufyonza ipo, imeegeshwa nyuma ya makontena tangu ilipoletwa, chujio zake zimeisha na hakuna aliyeagiza nyingine. Hilo niliweke kwenye barua?

---

BwanaAfya_Mstaafu aliandika:

Usiliweke. Watajua nani amesema. Lakini kwenye orodha ya maswali ongeza moja: "Ni vifaa gani vya kudhibiti vumbi vilivyotajwa kwenye masharti ya leseni, na vilikaguliwa lini mara ya mwisho?" Mkaguzi atakwenda mwenyewe kuitafuta hopa, na ataikuta ilipo.

Peleka Jumatatu, kabla ya saa nne. Baada ya saa nne mwenye muhuri yuko mkutanoni.